Jinsi ya kujikabidhi kwa Mungu alafu usirudi usiku kuchukua funguo

Bwana asifiwe, na kwa wakatoliki Tumsifu Yesu Kristo. Hili swali naulizwa sana na wadada wa hapa Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, tena mara nyingi tukiwa tumeinama tunageuza dagaa mchangani, mtu anakuuliza bila ata kukuangalia, "dada we unajikabidhije kwa Mungu, mana mi kila jumapili najikabidhi na jumatatu saa mbili asubuhi nishachukua vitu vyangu vyote." Huwa nacheka kwasababu hiyo ilikuwa mimi miaka na miaka. Sa nimeona niandike hapa nilivyojifunza. Mi sio mchungaji, ni muuza dagaa tu, kama kuna mahali nimekosea mtanirekebisha.

Kwanza neno lenyewe. Watu wakisikia kujisalimisha wanamuona mwizi ameenda polisi mikono juu kachoka kukimbia, ndo mana wanaume wengi hasa wanaona kumpa Mungu maisha ni kama umeshindwa maisha. Mi napenda neno kukabidhi. Umeshawai kuona makabidhiano ya ofisi ya kijiji? Mtendaji kahamishwa, mwingine kaja, wanakaa chini wanaandika hati, muhuri huu hapa, mafaili haya, meza moja, viti vinne na kimoja mguu umevunjika, pikipiki ipo lakini haina betri, na hela za watu ambazo hazijalipwa ni kiasi flani. Vibovu vinaandikwa na vizima vinaandikwa. Wanasaini wote wawili, funguo zinatoka mkono huu zinaingia mkono ule. Kesho yake yule wa zamani akionekana anafungua droo watu wanamuuliza mzee unatafuta nini humu. Na Zaburi 37:5 ndo inatumia neno hilohilo, "Umkabidhi Bwana njia yako, pia umtumaini, naye atafanya." Mimi nilikuwa nasaini hati tupu, haina kitu hata kimoja kilichoandikwa, na funguo nazipeleka na ya akiba nimebaki nayo kwenye kanga.

Nitawaambia ilivyokuwa. Ilikuwa kipindi cha mvua, nimenunua dagaa mbichi nyingi alfajiri kwa hela ya mkopo, wale wa kausha damu, marejesho kila wiki, jua likagoma siku tatu mfululizo. Aliyeanika dagaa anajua siku tatu bila jua maana yake nini. Siku ya kwanza unajipa moyo, siku ya pili zinaanza kulegea na nzi wanajaa na zile tumbo zinapasuka, siku ya tatu unazikusanya kwa koleo. Nikakopa kwingine kulipa kwa kwanza, alafu kwa tatu kulipa kwa pili, mume wangu hajui, yeye usiku yupo ziwani, mchana kalala, na simu yangu nimeweka kimya muda wote mana wale watu wakipiga hawana salamu. Na kipindi chote hicho naomba jamani! Mkesha wa ijumaa sikosi, nalia mpaka kanga inalowa, "Bwana nakukabidhi biashara yangu, nakukabidhi familia yangu, chukua usukani." Natoka hapo nalala na presha ileile.

Kuna bibi mmoja pale kanisani, Muha wa zamani, akiomba peke yake bado anamwita Mungu Imana. Akanikuta nimekaa nyuma watu wameshaondoka. Nikamsalimia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mjukuu wangu, akakaa. Nikamwambia bibi nina mzigo lakini nimeshamkabidhi Mungu. Akaniuliza, "Umemwambia ni shilingi ngapi?"

Nikakaa kimya. Sikuwahi kumwambia. Nimelia mikesha mingapi na sijawahi kutaja ile namba mbele za Mungu, kama vile naye ni mume wangu namficha! Bibi akasema basi mtajie. Ilikuwa 1,840,000. Ilinichukua muda kutoka mdomoni, na ilivyotoka nilihisi aibu kweli kweli alafu mabega yakashuka, yani nikasikia kabisa yanashuka, sikujua nilikuwa nimeyapandisha.

Kwaiyo hatua ya kwanza ni hiyo, andika hati. Chukua daftari, sio simu, kwenye simu utaingia meseji utapotea. Andika unachokishikilia kwa jina na kwa namba. Usiandike "maisha yangu", hiyo haina maana yoyote, andika mtoto wa kidato cha pili ameanza kulala nje, andika uvimbe wa titi la kushoto sijaenda hospitali naogopa, andika namtaka yule mwanaume na ni mume wa mtu. Utaona vitu vitano vya kwanza vinatoka haraka, ada, kodi, kiwanja, hivyo vinatoka kwasababu havikuumi sana au unaona Mungu anavifaamu. Alafu kuna kimoja kalamu inakizunguka. Hicho ndo chenyewe. Yule kijana tajiri wa Marko 10 alikuwa na amri zote amezishika toka utoto, hati yake ndefu na safi, Yesu akagusa kitu kimoja tu na jamaa akaondoka kwa huzuni. Na angalieni pale mstari wa 21 imeandikwa Yesu akamkazia macho, akampenda, ndo akamwambia. Alimpenda kwanza. Mi huo mstari ulinisaidia sana mana nilikuwa naona Mungu akikitaka kile kitu ni kwasababu amekasirika.

Hatua ya pili sema, kwa mdomo, na mwili uwepo. Warumi 12:1 inasema itoeni miili yenu, iwe dhabihu iliyo hai, kwaiyo sio jambo la mawazo tu. Piga magoti kama magoti yanaruhusu, kama hayaruhusu kaa, fungua viganja. Mimi naenda ufukweni kabla boti hazijarudi, giza bado, unaona taa za wavuvi kule mbali zimejipanga kama mji mwingine, hakuna anayekusikia. Wengine wanaenda mbele ya Sakramenti, wengine chumbani, wengine ndani ya daladala ya Mwandiga, popote. Kulia sio lazima. Nasema hili kwasababu kuna watu wanadhani hawajajikabidhi mpaka waanguke au wanene kwa lugha, na kuna wanaolia kila wiki na hawajakabidhi ata kijiko, mfano mnao hapa.

Na usiogope kumwambia unachotaka. Hapa watu wanakosea, wanafikiri kujikabidhi ni kujifanya hutaki kitu, "lolote tu Bwana", kumbe moyoni unakufa. Yesu mwenyewe Gethsemane alianza na ombi, akasema ukitaka uniondolee kikombe hiki, alafu ndo akasema "walakini si mapenzi yangu, bali yako yatendeke", Luka 22:42. Kataja kikombe kwanza. Na Mathayo 26:44 inasema aliomba mara ya tatu maneno yaleyale. Mara tatu! Sa wewe ukirudia ombi moja wiki nzima usiambiwe huna imani. Mpangilio wake uko hivo, unataja unachotaka, unakubali asipokupa, alafu unainuka. Na yeye aliinuka kweli, akawaambia wenzake ondokeni twende zetu, akaenda kukutana na wale watu usoni.

Sasa hapa katikati ndo pagumu na nitakaa kidogo. Watu wanauliza, nikishakabidhi mi nifanye nini, nikae? Sisi wa ziwani jibu tunalo kwenye Luka 5 lakini tunalisoma haraka. Petro na wenzake wamekesha, hawajapata kitu, wako ufukweni wanaosha nyavu. Anakuja mtu ambaye ni fundi seremala, anawaambia tweka mpaka kilindini, mshushe nyavu. Mchana! Hebu muende pale Katonga asubuhi mkawaambie vijana waliokesha kwenye kipe, yani boti za kuvulia dagaa, wamechoka macho mekundu, kwamba jua hili kali rudini ziwani mkashushe nyavu, tena uwe fundi wa milango wewe. Watakuangalia tu. Ndo mana jibu la Petro nalipenda, hajifanyi ana imani kubwa, anaanza na malalamiko kabisa, "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu, lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu." Nyavu zilikuwa za Petro, mikono ilikuwa ya Petro, mgongo uliouma ulikuwa wa Petro. Samaki ndo hawakuwa wake.

Kwaiyo kwenye lile daftari chora mstari katikati. Upande mmoja andika changu, upande wa pili andika chake. Mimi kwenye dagaa imeandikwa hivi, changu ni kununua kwa hela niliyonayo na sio ya kausha damu, changu ni kutandaza mapema, kugeuza, kuwa na turubai karibu, kutengeneza chanja ili zisilale kwenye mchanga unyevu, kupima kilo za ukweli. Chake ni jua, ni mvua, ni bei ya Dar, ni mwezi. Na hebu tuongelee mwezi hapo kidogo. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hazifuati taa, kila mtu wa Kigoma anajua, wavuvi hawatoki. Hujawahi kuona mvuvi anagombana na mwezi, anashona nyavu, anapaka mtumbwi lami, anakaa na wanae. Lakini huyohuyo ukija kwenye mambo mengine anataka kuzima mwezi kwa mkono. Na mimi pia. Mwaka 2024 walivyotufungia ziwa miezi mitatu, 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane, ndo nilijua nimekabidhi nini na sijakabidhi nini. Wiki ya kwanza nilikuwa shwari naimba mapambio, wiki ya tatu nilikuwa nagombana mpaka na kuku. Nikarudi kwenye daftari nikaona kumbe ziwa nilikuwa nimeliandika upande wangu bila kujua. Nikalivusha. Nikaanza kuuza mawese mpaka ziwa likafunguliwa, sikupata faida ya maana ila watoto walikula.

Hatua inayofuata hakuna anayeipenda, ya kwenda kwa watu. Kujikabidhi hakufuti deni. Zakayo akishampokea Yesu nyumbani kwake hakuishia kuomba, alisema nusu ya mali anawapa maskini na aliyemnyang'anya anamrudishia mara nne. Mimi ilibidi nimwambie mume wangu. Nilimngoja ameamka saa tisa mchana, nimempikia ugali wa muhogo na migebuka, nikamwambia baba kuna jambo. Sitaki kudanganya kwamba alinikumbatia. Alitoka nje akakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa mpaka giza. Usiku hakwenda ziwani, akasema lete hizo karatasi. Tuliuza cherehani yangu, tukaenda wote wawili kwa wale watu kupanga upya, na tulilipa miezi kumi na moja. Hakuna hela iliyodondoka kutoka mbinguni. Najua ushuhuda wenye muujiza unapigiwa makofi zaidi, lakini mi huu ndo ninao. Kama kitu chako ni dhambi, mkatoliki we unajua kitubio kilipo, na wengine tafuteni mtu mzima mmoja mwenye mdomo mzito, sio grupu la WhatsApp la kina mama.

Alafu naomba hapa mnisikilize vizuri, kukabidhi kwa Mungu sio kukabidhi kwa mtu. Akija mtu anakwambia sadaka ya kujikabidhi ni laki mbili, au lete hati ya kiwanja madhabahuni, au usifanye maamuzi ya ndoa mpaka nabii akuruhusu, hapo funguo unampa mwingine. Zaburi inasema umkabidhi Bwana. Na dawa usiache, za presha, za sukari, ARV, za TB, humezi dawa kwa kukosa imani, unameza kwasababu kumeza kuko upande wako wa mstari. Na dada unayepigwa ndani unaambiwa ukae tu ukabidhi kwa Mungu, kukabidhi hakumaanishi mwili wako uwe ngoma ya mtu. Nenda dawati la jinsia pale polisi, nenda kwa wazazi, ondoka na watoto, na ukabidhi ukiwa njiani. Nimeona mazishi moja ya huo ushauri, inatosha.

Sasa usiku. Kama umefanya yote hayo, saa nane usiku utaamka na utakuta umeshachukua funguo. Moyo unadunda unapiga hesabu gizani. Hii ni kawaida na haimaanishi ulivyofanya ni bure. Petro kwenye waraka wake wa kwanza 5:7 anasema "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote." Kumtwika! Sisi tunaobeba beseni tunajua. Beseni likijaa dagaa mbichi na maji yanachuruzika shingoni, kulitua peke yako huwezi, ukijaribu linamwagika na shingo inateguka. Unasimama unaita mtu nitue, anashika upande wa pili, mnalishusha kwa kuinama pamoja, na kama unamtwika yeye basi unalisukuma juu ya kata ya kichwani kwake mpaka ukaone limekaa, ndo unaachia mikono. Kuachia mikono ni kitendo cha mwisho. Wengi wetu tunamtwika Mungu alafu tunatembea pembeni yake mikono bado imeshika ukingo wa beseni, tunachoka wote wawili, yani tunachoka sisi.

Usiku mi nafanya hivi. Naenda kukojoa kwanza, wasiwasi mwingine ni kibofu, msicheke. Nakunywa maji. Alafu natamka kile kitu kimoja kwa jina lake na namba yake, nasema Baba hiki ulishakisaini, niko upande wangu wa mstari na upande wangu saivi ni kulala. Kama kuna kazi kweli nimeikumbuka naiandika nitaifanya asubuhi. Nikikosa maneno nasema Baba Yetu polepole na nasimama pale katikati, wakatoliki mnasema utakalo lifanyike, sisi tunasema mapenzi yako yatimizwe, hapohapo nakaa, sivuki mpaka nimemaanisha, kuna usiku mwingine sijavuka nimepitiwa na usingizi. Kama unapenda sala iliyoandikwa tayari zipo. Wamethodisti wana ibada yao ya agano toka 1755 kwa John Wesley, wanaifanya mwanzoni mwa mwaka. Wakatoliki mna ile ya Charles de Foucauld, ya kujiachia mikononi mwa Baba, huyo aliishi jangwani Algeria kati ya Watuareg, akauawa 1916 na watu aliowavuta kwenye ukristo wanahesabika kwa vidole, na 2022 ametangazwa mtakatifu. Kwa hesabu za sokoni yule alipata hasara tupu.

Mnaniuliza utajuaje kama umekabidhi kweli. Mi naangalia vitu vidogo. Simu ikiita naipokea. Mtu akinipita kwa mauzo sikai namtafutia kasoro jioni nzima. Nikiulizwa habari za mtoto wangu mkubwa, yule ambaye bado hajarudi nyumbani, naweza kusema hajarudi, bila kutunga hadithi. Amani kubwa ile ya kuelea sijaipata na wengine wanayo, sawa.

Na ukikuta umerudia, rudisha tu funguo. Hakuna haja ya kwenda mbele kila jumapili kuokoka upya, yule mtendaji aliyebeba funguo kwa bahati mbaya hafanyiwi sherehe nyingine ya makabidhiano, anaziweka mezani anaondoka. Jana mi nimezichukua saa tisa usiku, ni huyo mtoto, nimekaa kitandani nikaanza kupanga nani nimpigie Kasulu na nani Uvinza, nimpigie nimwambie nini, nimtishie au nimbembeleze. Nikashuka ufukweni na kanga mbili, kulikuwa na upepo. Nikataja jina lake. Nikakaa mpaka zile taa zikaanza kuzima moja moja, injini zikasikika, mume wangu akaruka majini akavuta kamba akaniuliza we mbona uko hapa, nikamwambia nipokelee hilo beseni kwanza.